Biskuti za Mbwa si Posa

Munuki, Juba
Jumanne, asubuhi ya mvua

Kwa Mheshimiwa Chifu Lodu,
Mahakama ya Mila ya mtaa wetu.

KUH: OMBI LA KUFUTWA KWA NDOA KATI YANGU NA MBWA WA MZEE ALBINO

Mheshimiwa Chifu,

Natumaini barua hii itakukuta kikohozi kimekwisha. Najua wewe ni kaka wa marehemu mama yangu, lakini leo nakuandikia kama mkazi wa Munuki anavyomwandikia Chifu wake, si kama mpwa kwa mjomba. Mambo ya kijomba nitayaandika kando, siku nyingine, nikiwa nimetulia. Nimechagua Kiswahili kwa sababu wewe ulirudi nacho kutoka ukimbizini Kenya na mimi nilirudi nacho kutoka Uganda, na kwa sababu Kiarabu cha Juba hakiniruhusu kukasirika kwa adabu. Kiingereza nimekiacha kwa ajili ya barua za kuomba kazi, ambazo hazijibiwi.

Kwa faida ya wazee wa baraza ambao hawakuwapo siku ya hukumu, naomba kwanza nieleze jambo lenyewe lilivyokuwa.

Nilisomea lishe Kampala. Niliporudi Juba mama alikuwa ameshazikwa, na nyumbani kwetu tulibaki mimi, Namutebi, mpangaji wangu anayekaanga chapati kwenye stendi ya boda boda, na ukimya. Kazi ya lishe sikupata. Siku moja, kupitia tundu la uzio, nilimwona mbwa wa jirani yangu Mzee Albino akijikuna ubavu mpaka manyoya yanatoka kama nyasi za paa la zamani. Mbwa huyo ni jike. Mzee Albino, ambaye alistaafu jeshini akiwa sajini, alimpa jina la Jenerali, ili angalau jenerali mmoja duniani amtii. Chakula chake kilikuwa ukoko wa asida, ugali wa kwetu, na chochote alichokiokota mwenyewe barabarani. Nikaona kwamba hapa kuna tatizo la lishe. Nikaoka biskuti.

Mzee Albino alidai mbele ya mahakama yako kwamba biskuti hizo zina limbwata. Ninaweka hapa kila kilichomo, ili kisiwepo kisingizio. Ni mabakuli mawili ya unga wa mtama, bakuli moja la boga lililochemshwa na kupondwa, yai moja, kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa bila chumvi, na samaki mkavu asiyetiwa chumvi, aliyetwangwa na kuchekechwa mpaka usibaki mwiba hata mmoja. Sukari hakuna. Kitunguu hakuna, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Unakanda, unasukuma, unakata kwa mdomo wa kikombe cha kahawa, unapanga kwenye sinia la bati, unaliweka sinia ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, unafunika, kisha unaweka makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Zikikauka mpaka ukizigonganisha zinalia, ziko tayari. Wazee watatu wa baraza walizionja siku ya kesi, kama ushahidi, na mmoja aliomba aongezewe ushahidi. Sijaona hata mmoja wao aliyehamia kwangu.

Jenerali alikula. Ngozi yake ikapona. Kisha, bila kuniuliza, akahamia.

Mzee Albino akanishtaki. Wewe ulikaa kwenye kibanda cha mabati cha mahakama, ukavua kofia, ukafikiri kwa muda mrefu, ukasema kwamba mila yetu haina sheria ya mbwa, lakini inayo sheria ya binti anayetoka kwa baba yake bila kuaga, akala katika nyumba ya watu na kulala huko. Anayemlisha, ulisema, hawezi kudai hamjui. Ukaamuru nipeleke mbuzi wa kufungulia mlango, na ukatangaza kwamba tangu siku hiyo nyumba yangu na nyumba ya Mzee Albino ni nyumba za wakwe. Watu walicheka sana. Mimi pia nilidhani ni maneno ya kupoza mioyo, nikapeleka mbuzi, nikarudi nyumbani kusoma.

Mheshimiwa, hakuna anayecheka tena. Ijumaa hii utakaa kuamua watoto wa Jenerali ni wa nani, na Mzee Albino anasema ataondoka na watoto pamoja na mama yao. Kabla ya siku hiyo naomba uyasikilize malalamiko yangu, ambayo nimeyapanga kwa namba ili yasipigane.

1. Kuhusu cheo changu. Hukumu yako haikusema katika ndoa hii mimi ni nani. Kwa kuwa mimi ni mwanamke, nilidhani labda mimi ni mlezi tu, au nyumba. Nilipomwuliza karani wako alinijibu huku akitafuna: "Aliyetoa mbuzi ndiye bwana harusi. Hilo nalo linahitaji shule?" Tangu hapo sipiti stendini kwa amani. Yafesi, yule mwendesha boda kutoka Uganda ambaye hukaa karibu na karai la Namutebi, huinuka nikipita na kufuta kiti cha pikipiki kwa kiwiko. "Bwana harusi, panda, mimi nakupeleka ukweni." Nikimwambia ukweni ni pale, mlango wa pili, anasema bwana harusi haendi ukweni na vumbi miguuni. Wenzake wanapiga honi. Mimi ni mtu nisiyependa kutazamwa. Nilichagua kusomea chakula kwa sababu chakula hakikutazami.

2. Kuhusu mbuzi. Alichinjwa siku ile ile na akaliwa siku ile ile, jambo ambalo silalamikii, kwa kuwa mbuzi ni wa kuliwa. Nalalamikia mifupa. Walimpa Jenerali, ambaye alikuwa amekwenda kusalimia kwao. Kwa hiyo bibi harusi alikula mahari yake mwenyewe, na naomba wazee wa baraza waniambie ni ukoo gani unaoruhusu jambo hilo. Zaidi ya hayo, mfupa uliopikwa hupasuka kama chupa na unaweza kutoboa utumbo wa mbwa. Nililisema hilo kwenye uzio, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mzee Albino alinijibu bila kuinuka kwenye kiti chake: "Ya biti, tulia. Mtu akishaoa haji kwa wakwe kuhesabu mifupa." Tangu lini, Mheshimiwa, bwana harusi akaitwa binti katika sentensi moja na kunyamazishwa kama bwana harusi katika sentensi inayofuata?

3. Kuhusu ugeni wa Jumapili. Kila Jumapili baada ya ibada, Mzee Albino na ndugu zake wanaingia kwangu wakiwa na suti na fimbo zao, wanakaa kwenye viti vyangu vya plastiki na kusema, "Tumekuja kumwona mtoto wetu." Mtoto wao anakuwa amelala chini ya kiti, tumbo juu. Hamwangalii mtu. Mimi napaswa kuwalisha.

Mara ya kwanza niliwapa biskuti zenyewe, zikiwa bado na joto, nikiamini kwamba wakizila wataelewa. Mzee Albino aliifunika sahani kwa kofia yake, taratibu, kama anayemfunika maiti uso, akaniambia kwamba chakula cha binti hakiliwi na wazazi wake. Nikamwomba Namutebi akaange mandazi. Namutebi ana mafuta ambayo yamekuwa na rangi ya Nile wakati wa mafuriko tangu nilipomfahamu. Matokeo yake ni kwamba, katika kiwanja kimoja, chini ya turubai moja, mbwa anakula mtama, boga na samaki, na watu waliovaa suti wanakula ngano iliyozama kwenye mafuta na kuteremshia soda, na anayewahudumia wote ni mimi, mwenye shahada ya lishe. Nimejaribu kuwaeleza juu ya shinikizo la damu. Mdogo wake Mzee Albino alisema mkwe wake ana maneno matamu, akaomba soda nyingine.

Na hawaondoki. Wanakaa mpaka jua linazama. Wanasimulia mambo ya porini, mambo ya kambi, nani alimkimbia nani. Jumapili iliyopita yule mdogo wake Mzee Albino aliimba. Nimelelewa nchi ya watu na nyimbo za kwetu sizijui, na sasa, bila kutaka, kuna moja ambayo ninajikuta nikiiimba ninapokanda unga. Huo nao ni uvamizi wa nyumba ya mtu.

4. Kuhusu Mama Nyaruot. Hili ndilo linaloniumiza, kwa hiyo nitalieleza kwa ufupi ili nisipoteze mpangilio. Mke wa Mzee Albino ndiye aliyenifundisha kuchekecha samaki mkavu kwa kitambaa badala ya chekecheo. Kabla ya hukumu yako tulikuwa tukisimama pamoja kusubiri gari la maji, na hakuna siku tuliyomaliza mazungumzo kabla ya mapipa kujaa. Baada ya hukumu amekuwa mama mkwe wangu. Kwa hiyo, kwa mila uliyoisoma wewe mwenyewe kwa sauti, siwezi kumtazama usoni, siwezi kula mbele yake, na tukikutana njiani mmoja lazima aingie majanini.

Yeye anaifuata mila hiyo vizuri kuliko watu wote wa Munuki. Gari la maji likija, nikimwona, nakimbilia nyuma ya duka. Nikirudi maji yamekwisha. Akiwa na neno kwangu hanipi mimi, anaupa uzio. Husimama upande wake na kusema: "Wewe uzio, mwambie mwenye nyumba hiyo nguo zake zimenyeshewa tangu asubuhi." Au: "Uzio, huyo mtu wako amekonda. Anaoka siku nzima, yeye mwenyewe hali." Nami nalazimika kumjibu kupitia ndoo. Wiki iliyopita tulizungumza kwa namna hiyo, uzio na ndoo, mpaka biskuti zikaungua chini. Ndugu wote wa mumewe wanakuja Jumapili na kula kwangu. Yeye peke yake hawezi kuja. Mila yako imenipa wageni wote nisiowahitaji na imemzuia mmoja.

5. Kuhusu jina. Kumwita mbwa kwa jina lake zamani ilikuwa shida ya Mzee Albino. Sasa ni yangu. Juzi Jenerali alikuwa amelala kwenye dimbwi mbele ya lango, nami nikamwita kama mwenzi yeyote angefanya: "Jenerali, toka kwenye matope, unatia aibu nyumba yetu." Gari la maofisa wanaoelekea Bilpam, makao makuu ya jeshi, lilikuwa linapita polepole kwa sababu ya mashimo. Likasimama. Dirisha likashuka. Ofisa mmoja mwenye miwani alinitazama, akamtazama Jenerali, akanitazama tena. Nilifikiria maisha yangu yote, ambayo hayakuchukua muda. Kisha akauliza kama ni mimi ninayeoka zile biskuti, kwa maana mbwa wake naye anajikuna. Nilimpa mfuko mzima. Naomba mahakama ione kwamba niliutoa kwa hofu tu, na usihesabiwe kuwa ni posa kwa mbwa wake.

6. Kuhusu msiba. Binamu yake Mzee Albino alifariki, Mungu amrehemu. Nilikwenda kutoa pole kama jirani na nilikusudia kukaa kidogo tu. Wakanipokea mlangoni na kuniuliza niko upande gani. Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani: "Huyo ni mkwe, mpelekeni kwa wakwe." Wakwe, Mheshimiwa, ndio wanaosimamisha turubai, kupasua kuni na kubeba maji. Nilipasua kuni pamoja na wanaume wazima watano, ambao kila mmoja aliwahi kuoa binti halisi wa ukoo ule. Mmoja aliniuliza kwa heshima mimi nimemwoa yupi. Nilimwonyesha. Jenerali alikuwa amekaa karibu na jiko, na mtu alikuwa amemfunga kitambaa cheusi shingoni. Yule bwana alimtazama kwa makini, akavuta pumzi na kusema, "Wako angalau hana maneno." Akanifundisha namna ya kushika shoka.

Viganja vyangu bado vina malengelenge. Naleta jambo hili kwako kama jeraha la kazini.

7. Kuhusu watoto. Jenerali amezaa watoto wanne, wenye afya ambayo sijawahi kuiona kwa mbwa wa Munuki, na sababu yake nimekwisha kuieleza, kuanzia mtama mpaka samaki. Mzee Albino anasema mbuzi alifungua mlango tu. Ng'ombe hawajaonekana. Na mahari isipokamilika, anasema, watoto ni wa ukoo wa mama yao; kwa hiyo wahamie kwake, na mama yao arudi kuwanyonyesha kwa babu yao. Nilimjibu kwamba baba wa watoto ni mimi. Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nikaona aibu, lakini sikulirudisha.

Nilipowapeleka kwa daktari wa mifugo aniambie lini wataanza chanjo, na mama yao apate ya kichaa cha mbwa, daktari aliuliza mwenye mbwa ni nani. Sipendi kudanganya. Nilimweleza kwamba kwa hukumu ya Chifu mama yao ni mke wangu, lakini ukoo wake unadai watoto kwa kuwa sijamaliza mahari. Aliweka sindano chini. Aliniuliza kama nalala vizuri na kama nina jamaa karibu. Nikamjibu kwamba jamaa wanaongezeka kila Jumapili.

Habari hizi zimefika hata Mangateen. Mama mmoja alitembea kutoka huko na mbwa wake kwa kamba, akiwa amempaka mafuta, kwa sababu alisikia kuna nyumba Munuki inayooa mbwa na kutoa mbuzi. Nilimwambia hakuna jambo kama hilo. Akamtazama Jenerali na wanawe wamelala kwenye kivuli, akanitazama mimi, akaniambia kwa huruma kwamba anaelewa, mke wa kwanza bado hajakubali.

8. Kuhusu Jenerali mwenyewe. Katika kesi zote za binti aliyehama, nimeona wewe hufanya jambo moja ambalo nakuheshimu nalo. Unawanyamazisha wanaume wote, unamgeukia binti na kumwuliza, "Unamtaka huyu?" Jenerali hakuulizwa. Alikuwepo mahakamani, amelala juu ya viatu vya karani, na hakuna aliyemgeukia.

Hapa ndipo nimefikiri sana, na nakuomba unifuate. Kama Jenerali ni bibi harusi, basi hukumu ile ni batili, kwa sababu hakuulizwa. Unaweza kusema mbwa hawezi kuulizwa. Vizuri. Lakini asiyeweza kuulizwa hawezi kuoa wala kuolewa. Asiyeweza kuolewa si bibi harusi. Asiye bibi harusi hana wakwe, na nyumba isiyo na wakwe haina wageni wa Jumapili, wala msiba, wala uzio unaoambiwa maneno. Jenerali basi ni nini? Ni kitu. Ni mali. Ni sufuria. Sufuria ya jirani ikikutwa jikoni kwangu, hakuna chifu chini ya jua atakayesema kwamba sasa mimi na jirani tumeoana. Nimezunguka hoja hii pande zote usiku na mchana wala sijaona ufa.

Kwa hiyo naomba mahakama yako tukufu ifanye haya:

Kwanza, itamke kwamba Jenerali ni sufuria, na ifute hukumu ya awali pamoja na undugu wote uliotokana nayo, mpaka kwa yule mdogo wake Mzee Albino anayeimba. Pili, imwamuru karani apite stendini na kutangaza, Yafesi akiwepo, kwamba mimi si bwana harusi wala sijawahi kuwa. Tatu, iweke wazi kwa wakazi wote wa Munuki, Mangateen na kwingineko kwamba biskuti za mbwa ni biskuti, si posa, na kwamba mtu anaweza kumpa kiumbe chakula chenye afya bila kuingia katika ukoo wake. Nne, Mama Nyaruot aruhusiwe kunitazama.

Mbuzi sidai. Najua alipo.

Nitakachofanya baada ya hapo ni kufunga lango langu na kuishi kama zamani, na vitabu vyangu, katika nyumba ambamo hakuna anayeingia bila kuitwa. Naamini hilo ndilo ninalolitaka, na nimeliandika mara mbili kwenye karatasi ya mazoezi ili kuhakikisha.

Nisalimie wazee wote wa baraza, hasa yule aliyeomba biskuti ya pili. Nisalimie karani, ingawa hastahili. Nisalimie askari wa mahakama, na umwambie dawa ya minyoo niliyomwahidi ni ya ng'ombe wake, si yake. Nisalimie mkeo na watoto, na bibi yangu akija kutoka kijijini mwambieni mimi ni mzima na sijaolewa, kwa maana yoyote ile ya neno hilo.

Ni mimi, mkazi wako mtiifu aliyechoka,

Night Lako

NYONGEZA: Mheshimiwa, barua hii nilimsomea Namutebi ili nijue kama ina adabu. Alisema, "Mimi naona iko kali, lakini iko na heshima," kisha akachukua karai lake akaenda stendini. Huko inaonekana aliisoma upya kwa kichwa. Kabla sijapata bahasha, Mzee Albino alikuwa kwenye lango langu na kamba mkononi.

Hakupiga kelele. Alisema: "Ya biti, nimesikia umemwandikia Chifu kwamba Jenerali ni sufuria. Sawa. Sina ugomvi na watu waliosoma. Nimekuja kuchukua sufuria yangu, na vifuniko vyake vinne."

Jenerali aliinua kichwa, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akajilaza tena na watoto wakamwangukia kifuani. Ndipo nikajisikia nikimwambia Mzee Albino kwamba mkwe haingii kwa mkwe wake na kamba; kwamba mkwe hasimami langoni kama mdai, anakaa, anapewa chai; na kwamba hukumu ya Chifu ingali hai, na mtu yeyote anayetaka kuvunja ndoa yangu aje na wazee wake. Kisha akaitia kamba mfukoni, akauliza kama sukari ipo.

Kwa hiyo, tafadhali, chana barua hii yote isipokuwa pale nilipokutakia nafuu ya kikohozi. Nimeamua kukamilisha mahari. Mzee Albino anasema yuko tayari kusikiliza, na kwamba ukoo wake ukishapokea kilichobaki, mama mkwe hupewa kitu chake kidogo, na baada ya hapo anaweza kuingia kwa mkwe wake, kukaa na kumtazama. Hilo mahakamani hukulisoma.

Lakini mwoaji hajisemei mwenyewe. Baba yangu hayupo, kaka sina, na anayebaki kunisemea ni kaka wa mama. Najua mtu hawezi kuwa hakimu na mshenga katika jambo moja. Basi Ijumaa naomba uahirishe kama Chifu, na Jumapili uje kama mjomba. Vaa koti la kijivu. Ng'ombe sina, kwa hiyo anza na mbuzi mwingine na uende polepole. Wao hupenda mtu asiyeharakisha. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma, kimya, kama inavyotakiwa. Na wakiuliza bwana harusi anafanya kazi gani, waambie anaoka.